Karate ya kufika nayo uzeeni: jinsi ya kumpata sensei wa kweli na kutunza magoti yako

Nina miaka 49. Karate nimeanza nikiwa na 19, hapa hapa Moshi, kwenye darasa la shule ambalo kila jumanne na alhamisi jioni tulikuwa tunasukuma madawati ukutani ndo tupate uwanja. Tulikuwa kama 30 hivi. Leo tunaoendelea ni wawili tu, mimi na mshkaji wangu mmoja mpagazi wa mlimani, na wale wengine sio kwamba walikuwa wavivu jamani, kuna waliokuwa wakali kuliko sisi mara mia, ila huyu goti, yule mgongo, mwingine kagombana na sensei, mwingine kapata mkanda mweusi akaona kamaliza. Na ukikaa ukachambua unakuta hata lile goti na ule mgongo ni kazi ya sensei. Ndo maana naanza na mwalimu, ngumi na mateke yatakuja baadae.

1. Achana kwanza na swali la "style gani kali"

Kila kijana anayenifuata dukani (nauza vifaa vya ujenzi, wananiita meku, yaani mzee, japo mvi bado chache) anaanza na hilo, Shotokan au Goju-ryu, ipi inaua. Dogo, zote asili yake ni kisiwa kimoja, Okinawa, huko kusini mwa Japani. Shotokan inatoka kwa Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule ya msingi aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 akiwa ameshavuka miaka 50, kwa hiyo wewe wa miaka 35 unayesema umezeeka naomba ukae kimya. Goju-ryu ni ya Chojun Miyagi, alizaliwa 1888 akafariki 1953. Shotokan utaona mikao mirefu ya chini na ngumi za kutokea mbali, Goju wanasogeleana, mikono inazunguka, na pumzi inasikika mpaka nje ya ukumbi. Hapa kwetu Goju imeshika sana, na hapo huwezi kumruka marehemu Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Dar pale shule ya Zanaki miaka ya 1970, walimu kibao wa Goju nchini ukifuatilia nani alimfundisha nani unaishia kwake.

Tofauti zipo, ila kwa miaka 5 ya mwanzo hazitakusaidia wala kukuumiza. Chagua dojo (ukumbi wa mazoezi) iliyo njiani kwako. Unakaa Rau dojo iko Pasua, unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, masika ikianza tu umeacha. Arusha ndo usiseme, mtu wa Usa River akijiandikisha dojo ya Ngarenaro nampa miezi miwili.

2. Nenda kaangalie darasa mara mbili, na usiseme unachotafuta

Kaa pembeni na maji yako. Watu wote wanamwangalia yule mwenye mkanda mweusi anayeruka mateke mbele, wewe angalia mstari wa mwisho kabisa. Pale nyuma kuna mama mnene kidogo, kuna dogo asiyejua kulia na kushoto, kuna mzee ameanza juzi. Je sensei anafika huko? Akifika anafanya nini? Kama nusu saa imepita na hajafika, au amefika kumfanya mtu kichekesho, shika njia.

Angalia pia anasahihishaje. Kuna walimu wanapiga kelele tu "nguvu! nguvu! shuka chini!" darasa zima, hiyo hata spika inaweza. Mwalimu anayejua anasimama mbele ya mtu mmoja, anamwambia kitu kimoja, anasubiri akifanye, anaondoka. Kitu kimoja wakuu. Akikwambia vitu 6 kwa mpigo anataka uone anajua, hakufundishi.

Halafu angalia kama yeye mwenyewe anatoka jasho. Sisemi apige mateke ya kichwa akiwa na miaka 60, nasema je bado anafanya mazoezi yake? Sensei aliyegeuka kuwa mtu wa kushika kiuno na kupuliza filimbi ameshaacha karate kitambo, anaendesha mradi tu. Muulize kwa heshima, "sensei na wewe mwalimu wako ni nani?" Hili swali nalipenda sana maana anayejiamini anafurahi kulijibu, anakutajia, anakuhadithia, mwingine anakuambia bado huwa anampigia simu. Anayebabaika, au anayesema style ameibuni mwenyewe, au ana dan 9 (dan ni madaraja ya mkanda mweusi) na miaka 34, mshukuru kwa muda wake.

Kama unampeleka mtoto ongeza haya na usiyaonee aibu: mzazi anaruhusiwa kukaa kuangalia muda wowote, kuna mtu mzima zaidi ya mmoja, hakuna "private" ya mlango kufungwa, na mtoto akilia hapigwi wala hachekwi. Sensei akikwambia wazazi wanaharibu nidhamu kwa hiyo wasiwepo, mshike mtoto mkono mwondoke. Hapa sina mjadala.

Ngoja niwaeleze masensei wangu wawili

Yule wa kwanza simtaji, na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatufundisha alivyofundishwa. Kichurachura kuzunguka darasa mpaka mapaja yanatetemeka, kwenye sakafu ya simenti, peku, kila siku ya mazoezi. Sisi tulijiona makomandoo. Mwezi wa 8 akaamua siku ile lazima tupasue miguu wote, nikakalishwa mgongo ukutani, miguu imetanuliwa, masenpai wawili (wanafunzi waliotutangulia) mmoja kila goti wakaanza kusukuma huku yeye anahesabu kijapani. Alipofika shichi, yaani saba, nikasikia kitu kama kitenge kinachanwa, ndani ya paja la kulia. Kesho yake paja lote kwa ndani jeusi tii mpaka karibu na goti. Miezi 4 natembea kama bata. Hadi leo baridi ya mwezi wa 7 ikiingia lile paja linanikumbusha.

Wa pili alikuwa mzee seremala, kazi yake Majengo, jioni anafundishia ukumbi wa kanisa. Siku ya kwanza nimefika mapema nikakuta mtu ananyunyiza maji chini anafagia vumbi, nikamsalimia shikamoo nikamuuliza sensei anakuja saa ngapi, akasema "marahaba, ameshafika, chukua hilo fagio lingine". Ndo yeye.

Nikampigia ngumi zangu za majigambo. Akaniangalia, akanishika mkono akaufungua kidole kimoja kimoja kuanzia cha mwisho, akaukunja upya, ncha za vidole kwanza zikaingia ndani, halafu viungo vya katikati, halafu dole gumba likalala kwa nje juu ya cha shahada na cha kati. Akatoa penseli yake ile bapa ya useremala nyuma ya sikio, akailaza juu ya mkono wangu kuanzia nyuma ya kiganja kuja kwenye kigasha. Ikayumba, pakabaki uwazi. "Unaona hapa pamepinda? Ukipiga mtu kwa mkono huu unavunjika wewe, yeye anaenda kunywa chai." Akanipeleka ukutani, weka ngumi, vifundo viwili tu vya shahada na cha kati viguse, egemea taratibu, sukuma bila kupiga. Dakika 10 nasukuma ukuta wa kanisa. Nilikuwa na miezi 8 ya karate na mkanda wa njano na hakuna aliyewahi kunionyesha kukunja ngumi.

3. Mikanda na hela

Fupi tu. Ada ya mwezi ni haki ya mwalimu, ana kodi ya ukumbi na anakula kama wewe, lipa bila kusumbuana. Ila uliza mapema mtihani wa mkanda ni kiasi gani, unafanyika mara ngapi, na cheti kinatoka chama gani. Anayekuahidi mkanda mweusi kwa mwaka mmoja anakuuzia kitambaa. Kwa mtu anayekuja mara 2 au 3 kwa wiki, miaka 4 mpaka 5 ni kawaida, na hata ukiupata unaitwa shodan, hiyo "sho" maana yake ni mwanzo. Na mfumo wenyewe wa dan karate iliuazima kwenye judo ya Jigoro Kano, kwa hiyo watu waliishi na karate miaka mingi tu bila kugombania rangi.

4. Miezi 6 ya mwanzo

Usikimbilie kununua gi, lile vazi la mazoezi. Suruali ya tracksuit na tisheti vinatosha mwezi wa kwanza, ukiona umenogewa pita soko la Memorial, kwenye mabalo ya mitumba gi zinatokeaga. Angalia kitambaa: ya judo ni nzito, kifuani na mabegani imefumwa nene kama punje za mchele, utaiva nayo kwa joto la Moshi mwezi wa 2. Ya karate ni nyepesi na plain. Suruali ikivuta kwenye nyonga ukikaa msamba wa mbele irudishe.

Kitu cha kukomaa nacho miezi hii ni miguu, na hasa goti. Kwenye zenkutsu-dachi, ule mkao mrefu wa mbele, goti la mbele lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea. Lisiangukie ndani. Simama mbele ya kioo cha kabati au mwambie mtu akupige picha kwa mbele, wengi tunajiona tuko sawa kumbe goti limelala ndani kama limechoka. La pili ni kugeuka: usizungushe mwili wakati unyayo umeng'ang'ania chini na uzito wote uko juu yake, hapo kinachozunguka ni goti, na goti halikuumbwa kuzunguka. Punguza uzito kwanza, zungusha unyayo, ndo uzito urudi. Kwenye simenti peku ndo balaa zaidi maana ngozi inashika. Cha tatu, ngumi na teke la hewani visifike mwisho wa kiungo. Kiwiko kikinyooka mpaka kulia "ta" kila ngumi, na unapiga ngumi 300 kwa siku, fanya mwenyewe hesabu ya miaka 10. Acha kainchi kamoja.

Mkao wa chini sana sio ushujaa. Shuka pale unapoweza bado kusogea bila kujinyanyua kwanza. Yule mzee alikuwa ananigusa bega kwa kidole kimoja tu nikiwa nimeshuka, nikiyumba anasema "panda".

Kunyoosha misuli, sikiliza mtu aliyechanika: kabla ya mazoezi ni kuchemsha mwili kwa mwendo, zungusha nyonga, rusha miguu taratibu, ruka kamba. Kule kunyoosha kwa kukaa na kuvuta sekunde 30 fanya mwisho mwili ukiwa wa moto. Hasa Arusha mwezi wa 6 na wa 7, kuko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na ile baridi ya asubuhi ni ya kweli, ongeza dakika 10. Na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukusukuma. Hakuna.

5. Tizi la nyumbani

Darasa ni mara 2 kwa wiki, mwili unajengeka siku zilizobaki. Usijiwekee masaa mawili, hutaweza. Mimi ni dakika 20 uani kabla sijafungua duka, kata moja tu, yaani ule mfululizo wa mikao na mapigo unaoufanya peke yako. Ya kwanza taratibu kabisa kama mtu anayetembea gizani, ya pili spidi ya kawaida, ya tatu kwa nguvu, halafu kipande kile kilichonishinda nakirudia peke yake mara 10. Kama ni Shotokan anza na Heian Shodan, kama ni Goju anza na Gekisai, zote hazihitaji uwanja mkubwa. Nafasi ikiwa ndogo rudi nyuma hatua mbili uendelee, kuku watapisha.

Waliofunga Ramadhani wapige kata taratibu karibu na futari, kumite (kupigana na mwenzako) isubiri. Desemba wote tunajua, nyumba imejaa wageni, mbege na kitimoto, andika tu kwamba dojo itakuwa na watu watatu na usijilaumu, ila zile dakika 20 zisife.

6. Kumite na kuumia

Sensei mzuri anakuchelewesha kwenye kumite. Miezi ya kwanza ni ya kupangwa, huyu anapiga hapa, huyu anazuia, mnahesabiwa. Ukiona wiki ya pili umewekwa na mkanda wa kahawia, mtu anayekaribia mweusi, "ili uzoee", hujazoeshwa, umetolewa sadaka. Vaa kinga ya meno na ya sehemu za siri, hizi sio za kuazimana.

Sasa kuna ugonjwa wetu, mtu kateguka kifundo hapo hapo, tayari mama mkubwa ameshaweka maji ya moto na dawa ya kuchua. Siku 2 za mwanzo usichue, usiweke moto. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hivi, toa, rudia baadae, mguu uwe juu, fungia bandeji isiyobana damu. Ukishindwa kukanyaga hatua 4 nenda hospitali kapige picha. Na kichwa: mtu akipigwa akaona nyota, akasahau tuko wapi, akatapika au kichwa kikamuuma, siku hiyo kumite imeisha kwake hata kama anasema yuko fiti, asirudi mpaka aonwe na daktari na arudi pole pole. Akizidi kulala ovyo au kutapika tena ni hospitali usiku huo huo. Hapa ndo utamjua sensei. Anayesema "nawa maji uso, rudi" anakuambia wazi thamani ya ubongo wako kwake.

7. Ukivuka 40

Mimi nilibishana na umri miaka mitatu nikashindwa. Unachobadilisha ni hivi. Mateke ya kichwa yanabaki kwa wenye nyonga zao, wewe piga ya kiuno na paja, yanatosha na yana kazi zaidi. Kuruka punguza. Nguvu ongeza, kwa sababu misuli inaondoka yenyewe: mara 2 kwa wiki kukaa na kusimama, pushapu, kubeba ndoo mbili za maji kwenda na kurudi. Simama mguu mmoja unapopiga mswaki, utacheka ila fanya.

Wenye presha sikilizeni. Ile kata ya Sanchin ya Goju, unavyokaza mwili mzima na kusukuma pumzi kwa nguvu, inapandisha presha wakati unaifanya. Pimwa, mwambie sensei, ifanye laini pumzi ikitembea, usiibane kifuani. Sensei atakayeona hiyo ni dharau kwa kata hajui anachokifundisha.

Mshkaji wangu mpagazi anapanda na mizigo siku 6, 7, akishuka magoti yanaomba maji. Zamani alikuwa anakuja dojo kesho yake. Sasa hivi akishuka anakaa siku 3, siku ya nne anakuja kufanya mikono tu na kusahihisha watoto. Ana miaka 51 na teke lake la mbele bado sitaki kulipokea.

8. Kuondoka, na kurudi

Kuna siku utalazimika kumwacha sensei. Sababu za kuondoka bila kuaga sana: anapiga watu akiwa na hasira, anawashika mabinti bila sababu, anakukataza kufanya mazoezi kwingine au kuuliza swali, hela za mitihani haziishi. Kama ni umehama tu au ratiba imegoma, nenda kamwambie uso kwa uso, peleka hata kilo ya sukari, mlango utabaki wazi.

Na kama ulishaacha miaka 10 unatamani kurudi, rudi. Mkanda wako wa zamani uache kwenye begi, muulize sensei uvae nini, wengi watakuambia vaa wako ila wewe jipange mstari wa nyuma wiki za mwanzo. Mwili utakumbuka kata haraka kuliko unavyodhani, na hapo ndo hatari, kichwa kinakumbuka teke la miaka 25 na msuli ni wa miaka 40. Mwezi wa kwanza fanya nusu ya kila kitu wanachofanya wenzako, wakipiga 20 piga 10 halafu simama upumue. Fika robo saa kabla ya wengine. Ukikuta mtu anafagia, chukua fagio lingine.